Nywele Zinaponyonyoka Mtoto Akianza Kula Tena

   Mimi ni yule yule muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, endelea tu na kazi, ila sogeza redio karibu kidogo, kwa maana mazungumzo ya leo yanahitaji sikio.

Leo tunazungumza kuhusu nywele, lakini si mambo ya saluni. Tunazungumza kuhusu mtoto aliyekuwa mgonjwa wa kujinyima chakula, akapata matibabu, akaanza kula, na mama akaanza kumshukuru Mungu. Kisha asubuhi moja mama anaona nywele zimejaa kwenye kitana. Kesho yake ziko kwenye mto. Kesho kutwa ziko kwenye beseni. Mtoto analia, mama anaogopa, na kila mmoja anajiuliza: mbona anaharibika wakati ambapo amepata nafuu?

Mpenzi msikilizaji, swali hilo likikosa jibu linaweza kumrudisha mtoto katika ugonjwa. Nasema hivyo kwa sababu nimeliona, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Nitawasimulia.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe

Wapo wanaodhani kwamba ugonjwa wa kujinyima chakula ni wa watu wa ng'ambo, au wa matajiri wa mjini. Sivyo. Hapa kwetu Kenya tunauona pia, kwa wasichana na hata kwa wavulana. Kuna ule unaoitwa anoreksia, ambapo mtu anaogopa kunenepa hata akiwa amebaki mifupa, na anapunguza chakula siku baada ya siku. Kuna ule unaoitwa bulimia, ambapo mtu anakula chakula kingi kwa mara moja, tena kwa siri, kisha anajitapisha au anameza dawa za kuharisha.

Hii si njaa ya kukosa. Chakula kiko nyumbani, na mtoto hakigusi. Si majivuno, si utovu wa adabu, wala si mapepo. Ni ugonjwa wa akili unaoumiza mwili wote, kuanzia moyo, mifupa na hedhi, hadi ngozi na nywele. Una tiba, na watu hupona. Lakini kupona huchukua miezi, mara nyingine miaka, na katikati ya safari hiyo ndipo nywele hunyonyoka.

Mama na binti yake

Mwaka 2019, wakati wa likizo ya Aprili, mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 16 katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi. Sitataja jina wala kijiji. Lilikuwa jua la mchana, na binti alikuwa amevaa sweta mbili. Mama akaniambia, "Sista, huyu mtoto alitoka shuleni akiwa hivi. Akiitwa kula anasema ameshiba. Ugali anaumega, anauzungusha kwenye sahani, kisha anampa mdogo wake."

Hedhi ilikuwa haijaonekana tangu Desemba. Mikono ilikuwa baridi, na moyo ulikuwa unapiga polepole mno. Niliwaandikia rufaa siku hiyo hiyo kwenda hospitali kubwa, na huko alilazwa.

Alipotoka hospitalini nilifurahi sana. Alikuwa anakula. Alikula kwa machozi, lakini alikula. Nikampitishia mama ratiba ya chakula, nikamwonyesha jinsi ya kutumia tembe za kuongeza damu alizoandikiwa na daktari, nikampa tarehe ya kurudi. Kitu kimoja sikumwambia. Sikumwambia kwamba baada ya miezi miwili au mitatu nywele zinaweza kuanza kutoka. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, nami niliona nywele ni jambo dogo.

Mwezi wa Julai zilianza. Mama alinieleza baadaye kwamba binti aliosha kichwa siku ya Jumamosi, beseni likajaa nywele, akakaa chini pale pale kwenye sakafu. Akasema, "Mama, nilipokuwa sili nilikuwa na nywele. Sasa ninakula na zinaisha. Hicho chakula ndicho kinaniharibu." Mama hakuwa na jibu, kwa hivyo akanyamaza. Jioni hiyo mtoto hakula.

Jirani mmoja akasema ni sumu ya zile tembe za hospitali, wakaziacha. Mwingine akanong'ona kwamba mtoto anayekonda na kupoteza nywele ana Ukimwi. Nyanya yake akasema apelekwe kwa mganga. Waliporudi kwangu mwezi wa Agosti, uzito aliokuwa ameupata kwa taabu ulikuwa umepotea karibu wote.

Akina mama, nywele zile hazikuletwa na chakula. Zililetwa na njaa ya miezi iliyopita. Hilo ndilo ambalo ningemwambia mama huyo mapema, na ndilo ninalotaka ulibebe nyumbani leo.

Kwa nini nywele zinachelewa kuanguka?

Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele una majira yake. Kuna majira ya kukua, ambayo huchukua miaka kadhaa, na kuna majira ya kupumzika, ambayo huchukua karibu miezi mitatu. Baada ya kupumzika, unywele wa zamani unaanguka na mpya unaota mahali pake. Kwa mtu mwenye afya, karibu nywele 9 kati ya kila 10 ziko katika kukua. Chache ziko katika kupumzika, na kwa hivyo kila siku tunapoteza nywele kama 50 hadi 100 bila hata kutambua.

Sasa fikiria nyumba yako wakati wa ukame. Pesa ni kidogo. Utanunua unga, au utanunua rangi ya kupaka ukuta? Utanunua unga. Mwili nao hufanya hivyo hivyo. Chakula kikipungua, kile kidogo kilichopo kinapelekwa kwenye moyo, ubongo na figo. Nywele ni kama rangi ya ukuta. Zinaweza kungoja. Basi mwili unaziamuru nywele nyingi kwa pamoja ziache kukua na zianze kupumzika.

Lakini hazianguki siku hiyo. Zinabaki kichwani kwa miezi miwili au mitatu zikiwa zimepumzika. Ndiyo maana mtoto akiwa katikati ya njaa anaweza kuonekana bado ana nywele zake. Kisha anaanza kula, anapata nguvu kidogo, na hapo ndipo zile zilizosimama wakati wa njaa zinaanza kuanguka, zote kwa wakati mmoja. Nyingine zinasukumwa na nywele mpya zinazoota chini yake.

Kwa hivyo ukiona nywele zinanyonyoka, hesabu miezi mitatu kurudi nyuma. Nywele zinazoanguka Julai zinaeleza habari za Aprili. Chakula cha leo hakijafika kichwani bado. Kazi yake utaiona mwisho wa mwaka.

Mama, jambo hili unalijua tayari

Kumbuka ulipojifungua. Mtoto alipofika miezi mitatu hivi, wengi wenu mlianza kuona nywele zinatoka, hasa pembeni mwa uso. Ni jambo lile lile. Mwili ulipitia kazi kubwa, nywele zikasimama, kisha zikaanguka baadaye. Na hakuna mama aliyemrudisha mtoto tumboni kwa sababu ya nywele! Ulivumilia, ukala, ukanyonyesha, na nywele zikarudi.

Pia wengi wenu mmewahi kumwona mtoto mwenye kwashiakori kliniki. Nywele zake huwa nyepesi, zimepoteza weusi, na ukizivuta kidogo zinatoka bila maumivu. Anapotibiwa na kula vizuri, nywele mpya nyeusi huota kutoka chini. Hakuna anayesema ni uji ulioharibu nywele za mtoto huyo. Basi tusiseme hivyo kwa kijana aliyejinyima chakula.

Itachukua muda gani?

Mara nyingi kunyonyoka huku hudumu kati ya miezi mitatu na sita, kisha kunapungua kwenyewe, mradi mtoto anaendelea kula. Nywele hupungua kichwa kizima na kuwa nyepesi, lakini kwa kawaida hazimalizi kichwa kikawa kipara kabisa. Zile mpya hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: mwaka mzima ni kama sentimita 12. Kwa hivyo usimwahidi mtoto kwamba mwezi ujao zitakuwa zimerudi. Atakuona mwongo, na hatakuamini tena hata kwenye mambo ya chakula.

Mwambie ukweli wenye matumaini: "Zitatoka kwa miezi kadhaa. Mizizi haijafa. Zitaota."

Dalili ya kwanza ya kurudi ni vinywele vifupi vilivyosimama kwenye paji la uso na pembeni mwa masikio, kama vya mtoto mchanga. Wengine hudhani ni nywele zilizokatika. Angalia vizuri mahali penye mwanga. Ukiviona, mwonyeshe mtoto kwenye kioo.

Na jambo moja zaidi. Wakati wa njaa kali, wengine huota vinyweleo vyembamba mgongoni, mikononi na mashavuni. Ni mwili unaojaribu kujikinga na baridi. Usimcheke mtoto wala usimnyoe. Vitapotea mwili ukirudi katika hali yake.

Sasa mama afanye nini nyumbani?

Kwanza, chakula kiendelee. Hili ndilo la kwanza na ndilo la mwisho. Siku ambayo nywele zimetoka nyingi ndiyo siku ambayo chakula kinatakiwa kuletwa kwa saa yake, bila kelele na bila kupunguzwa. Wengi wanaopona hupangiwa milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu katikati. Fuata mpango mliopewa na wahudumu wa afya. Kaa mezani pamoja naye, kula naye, zungumzeni habari nyingine, si habari za chakula.

Nywele hutengenezwa kwa protini, na protini hatuhitaji kuinunua mbali. Maharagwe, ndengu, kunde, mayai, maziwa, omena, nyama kidogo, njugu karanga. Madini ya chuma tunayapata kwenye nyama, maini, maharagwe na mboga za kienyeji kama terere na managu. Mpe chungwa au nyanya mbichi pamoja na mboga hizo, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma. Chai nayo huzuia chuma, basi isinywewe pamoja na chakula. Ingoje kama saa moja. Na usisahau ugali, chapati, viazi, mafuta na parachichi. Mwili usiopata nguvu ya kutosha utachoma protini kama kuni, na nywele zitakosa tena.

Hapa lazima nitoe onyo. Mtoto aliyekonda sana, au ambaye hajala karibu chochote kwa siku nyingi, usimlishe kwa wingi ghafla nyumbani. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa mara moja, madini kwenye damu yanaweza kushuka ghafla na moyo ukapata shida. Ndiyo maana watoto wadogo wenye utapiamlo mkali huanzishwa hospitalini kwa maziwa mepesi ya F-75 kabla ya kupewa yenye nguvu zaidi. Kijana naye aanzishwe chini ya macho ya daktari.

Pili, mwondolee mtoto hofu kabla haijaja. Kama mtoto wako ameanza kula wiki hii na nywele bado ziko, mwambie leo. Mwambie, "Mwanangu, huenda baada ya miezi miwili au mitatu nywele zikaanza kutoka. Zikitoka, tujue ni deni la zamani." Jambo ulilolitarajia halikuangushi kama lile lililokuvamia.

Tatu, angalia maneno yako. Usiseme, "Ona ulichojifanyia." Hata kama ni kwa uchungu, usiseme. Mtoto huyu tayari anajilaumu. Usiseme, "Ni nywele tu." Kwa msichana wa miaka 16, nywele si jambo dogo, na mimi ndiye niliyejifunza hilo kwa gharama. Usisifu pia kwamba amenenepa, au kwamba sasa ana mashavu. Wewe unamfurahia, lakini ugonjwa ulio ndani yake unasikia neno lingine kabisa. Mwambie umefurahi kumsikia akicheka, au kumwona akimsaidia mdogo wake kazi za shule. Na ndiyo maana leo sitaji kilo zozote. Wenye ugonjwa huu hushindana na tarakimu.

Nne, zitunze nywele zilizobaki. Tumia kitana chenye meno mapana, na uanze kuchana kutoka kwenye ncha. Msisuke kwa kukaza hadi paji la uso livutike, kwani mizizi inayovutwa kwa muda mrefu inaweza kufa kabisa, na hapo nywele hazirudi. Acheni kwanza dawa za kulainisha nywele, kitana cha moto, na nywele za kubandika kwa gundi. Mafuta ya nazi kidogo hayana neno, yanazuia kukatika, ila hayaoteshi nywele. Na mtoto asiogope kuosha kichwa. Nywele zinazotoka wakati wa kuosha zilikuwa zimekwisha kuachia. Asipoosha leo, kesho kutwa zitatoka nyingi zaidi na hofu itaongezeka.

Tano, mpe nafasi ya kuchagua. Wengine hupenda kukata nywele ziwe fupi, na ni chaguo zuri, kwa kuwa nywele fupi hazionyeshi sana upungufu, na zikianguka hazijazi beseni. Wengine hupenda kufunga kitambaa au kilemba. Mwingine anataka kubaki nazo kama zilivyo. Uamuzi uwe wake. Usimkamate ukamnyoa kwa nguvu. Mtoto huyu anapambana kupata tena usukani wa maisha yake, na hii ni nafasi nzuri ya kumwachia.

Kama yuko shuleni, nenda ukaonane na mwalimu mnayemwamini. Omba aruhusiwe kufunika kichwa ikihitajika, na wenzake wasimtanie. Omba pia mtu mzima amwangalie wakati wa kula. Si lazima shule nzima ijue ugonjwa wake.

Sita, usikimbilie dukani. Kuna tembe na mafuta mengi yanayouzwa kwa ahadi ya kuotesha nywele. Kama mwili haujakosa kitu fulani, kukiongeza hakuoteshi nywele. Vitamini A ikizidi, yenyewe hufanya nywele zitoke. Tembe za chuma zitumiwe tu kama zimeandikwa na mhudumu wa afya, na ziwekwe mbali na watoto wadogo, kwa kuwa mtoto mdogo akizimeza nyingi zinaweza kumwua. Pesa hiyo ya mafuta ya ajabu, nunua trei ya mayai.

Ni lini nywele zinahitaji kuangaliwa?

Si kila nywele inayotoka ni kwa sababu ya njaa. Nenda kituo cha afya kama unaona mabaka ya mviringo yasiyo na nywele kabisa. Nenda kama ngozi ya kichwa ina magamba, inawasha au ina usaha, kwani huenda ni mapunye, na mapunye yana dawa yake. Nenda kama nywele zimetoka tu pale mbele zinapovutwa na msuko. Nenda kama miezi sita imepita, mtoto anakula vizuri, na bado zinanyonyoka. Wahudumu wanaweza kupima damu, waone kama ana upungufu wa damu, na wapime pia tezi ya shingoni, ambayo ikiharibika hupunguza nywele.

Na hili la kunong'ona kuhusu Ukimwi, tulimalize. Huwezi kujua hali ya mtu kwa kuangalia nywele wala wembamba wake. Hali hujulikana kwa kipimo. Jirani si kipimo.

Kumbuka pia kwamba nywele zikiendelea kutoka, au zikianza tena baada ya kukoma, inawezekana mtoto ameanza tena kujinyima au kujitapisha kwa siri. Usimfokee. Muulize kwa upole mkiwa wawili, na mrudishe kliniki.

Dalili za hatari

Zifuatazo ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku: kuzimia, moyo kwenda mbio au kupiga polepole sana, maumivu ya kifua, kutapika mara kwa mara au kutapika damu, miguu kuvimba, mwili kuwa baridi sana, kushindwa kuinuka akiwa amechuchumaa, kuchanganyikiwa, au kukataa chakula na maji kabisa. Na mtoto akisema afadhali afe, au anataka kujidhuru, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitali.

Kwa mtoto, unaweza pia kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto hapa Kenya. Haina malipo. Kliniki ya karibu inaweza kukuelekeza kwa mshauri nasaha au muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya kaunti. Usingoje ugonjwa ndipo uanze kushughulikia karatasi. Hakikisha familia imejisajili na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Maswali machache

Kuna mama atauliza, "Sista, mtoto wangu ni mvulana. Nywele zake ni fupi, nitajuaje?" Utaona kwenye mto, kwenye kola ya shati, na kinyozi ataona. Wavulana huficha ugonjwa huu zaidi, kwa sababu watu hudhani ni wa wasichana. Kanuni ni ile ile: chakula kiendelee, na aonwe na mhudumu wa afya.

Mwingine atauliza kuhusu kufunga, iwe ni Ramadhani au Kwaresima. Kwa anayepona ugonjwa huu, kufunga kunaweza kuamsha ugonjwa. Mgonjwa ana ruhusa katika dini. Zungumza na sheikh, kasisi au mchungaji wako mapema, ili mtoto asikie ruhusa hiyo kutoka kwa mtu anayemheshimu.

Na mwingine atauliza, "Je, mimi mama nilikosea wapi?" Mama, ugonjwa huu hauna chanzo kimoja. Kuna la kurithi, kuna la masikitiko, kuna kejeli za wenzake, kuna picha anazoziona kwenye simu. Usikae kwenye lawama. Mtoto anakuhitaji mezani. Na wewe pia kula, lala, na utafute mtu mmoja wa kumwambia unayopitia.

Yule mama aliendeleaje?

Walipokuja Agosti, nilifunga mlango, nikamwomba mama na binti msamaha kwa kutowaambia. Nikachora kwenye karatasi: Aprili, Mei, Juni, Julai. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi leo. Binti hakusema kitu. Alichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Wakarudi tena hospitali kubwa, na safari ya chakula ikaanza upya.

Mama alijitungia njia yake mwenyewe. Kila alipokuta nywele kwenye kitana, hakushtuka mbele ya mtoto. Alizikusanya, akazitupa, akasema, "Hizi ni za Aprili. Njoo tule." Zilipoendelea kutoka Oktoba, na Novemba, kwa sababu ya ile njaa ya pili, akasema, "Hizi ni za Julai. Njoo tule." Kuna siku mtoto alikuja. Kuna siku alikuja baada ya saa nzima ya kulia, na mama alikuwa bado amekaa pale, chakula kimefunikwa.

Desemba, mama alinipigia simu. Hakunisalimu hata. Akasema, "Sista, kwenye paji la uso kuna vinywele. Vimesimama kama vya kifaranga."

Akina mama, tuyarudie kwa kifupi. Nywele zinazoanguka leo ni za njaa ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Chakula hakijazileta, na kuacha chakula kutaleta nyingine. Mwambie mtoto mapema. Usimlaumu, usimdanganye. Zitunze kwa upole, na mtoto achague mwenyewe atakavyozivaa. Jua dalili za hatari. Na sahani irudi mezani kwa saa yake, hata siku ile beseni limejaa.

 Kama jirani yako ana mtoto anayepitia haya na hakusikia kipindi hiki, mpitishie, lakini umwambie mkiwa wawili. Hadi tutakapokutana tena, mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Mbaki salama.